Ushahidi unao mkononi, sasa kumwachia Mungu ndo kufanyaje?

Mkuu, swali lako nimelielewa. Mwenzako wa kazini kakusingizia kwa bosi, umesimamishwa, alafu kwenye simu una meseji zake za siri ambazo ukizituma kwa mkewe leo ndoa inavunjika, na wachangiaji wamegawanyika, hawa wanakwambia mlipue, wale wanakwambia mwachie Mungu, na wewe unauliza huko kumwachia Mungu ndo kufanyaje hasa.

Mimi yalinikuta karibu hayo hayo. Niliambiwa nimeiba mali ya stoo, na aliyepeleka hayo maneno ni mtu tuliyekuwa tunakula sahani moja. Siri zake nilikuwa nazo, tena nzito, ila hazikuhusiana kabisa na stoo. Usiku mmoja picha zote nimeshaziweka tayari, namba ya mkewe iko pale juu, imebaki kubonyeza tu. Kilichonizuia wala sio upole, mimi sio mpole. Nilijiuliza tu, nikituma hizi zinanisafisha na wizi? Hazinisafishi. Zinamuumiza yeye na mkewe na watoto ambao hata hiyo stoo hawaijui. Nikafuta, nikapiga magoti, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Lakini sikukaa kimya, na hapa ndo naomba unielewe vizuri. Kulipokucha nikaandika barua ya utetezi, nikaomba stoo ihesabiwe upya na kila hati ya kutolea mzigo iangaliwe ina saini ya nani. Kujitetea sio kisasi. Paulo aliposhtakiwa kwa liwali Festo alikata rufani kwa Kaisari, wala hakuona kama anamkosea Mungu. Na Daudi kule pangoni Engedi, kwenye 1 Samweli 24, mfalme Sauli anamsaka na watu 3000, akamkata upindo wa vazi badala ya kumuua, alafu akatoka nje akaunyanyua ule upindo akampigia kelele, baba yangu tazama, ningetaka kukuua ningekuua. Yaani ushahidi aliutoa, tena mbele za watu. Alichokataa ni kuwa yeye ndo hakimu na yeye ndo mwenye upanga, akasema Bwana atuamue mimi na wewe. Kwa hiyo kwako mkuu, meseji inayoonyesha ulivyosingiziwa ndo upindo wako huo, ipeleke kwa wahusika. Ya mambo yake na mwanamke mwingine ni upanga, achana nayo.

Na usidhani ukishinda siku moja imeisha. Daudi huyo huyo sura inayofuata tu tajiri mmoja anaitwa Nabali kamtukana, kabeba watu 400 na mapanga anaenda kufyeka kila mwanamume wa nyumba ile, bila Abigaili mke wa Nabali kumuwahi njiani angeua watu wasio na hatia. Mtafute Abigaili wako, mtu mmoja wa kukwambia ukweli, sio lile kundi la marafiki linalokuchochea.

Ila kinachonipa wasiwasi zaidi kwako ni hofu. Umeandika "nisipomuwahi ataniwahi". Aisee hiyo sentensi naijua. Daudi alimuacha Sauli akiwa hai mara ya pili, akachukua mkuki na gudulia la maji tu akaondoka, alafu fungua sura ya 27 uone, anasema moyoni mwake siku moja Sauli ataniua, akakimbilia kwa Wafilisti. Kule mji wa Keila alimuuliza Mungu kabla ya kwenda, tena alirudia kuuliza, safari hii husomi popote kwamba aliuliza. Akakaa kule mwaka 1 na miezi 4, anamdanganya Akishi, mfalme wa Wafilisti aliyempokea, kila akirudi vitani, mpaka ikabaki kidogo aende kupigana na Israeli, watu wake mwenyewe. Kisasi alikishinda, hofu ikampeleka kwa adui. Mimi naona hofu ni mbaya zaidi kwa sababu inakuja imevaa sura ya busara, unaiona kama akili tu kumbe umeshaacha kuomba.

Kesi yangu iliisha kwa hesabu, saini hazikuwa zangu, nikarudishwa kazini. Jamaa hajaniomba msamaha na bado tunapishana pale mlangoni, nisikudanganye kwamba kuna siku radi ilimpiga. Zipo siku inanichoma nakumbuka neno la Warumi 12, kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, nasema sawa Baba, basi naendelea na kazi. Ila watoto wake wananisalimia, na mimi naweza kuwaangalia usoni.

Kwa sasa fanya hivi, zile meseji za siri ulizotaka kumtumia mkewe zifute leo kabla hujalala maana zikikaa kwenye simu zitakuita kila ukikasirika. Barua ya utetezi andika kesho mchana kichwa kikiwa kimepoa, weka tarehe na vielelezo tu, matusi hapana. Ukimaliza nitumie inbox niipitie kabla hujaipeleka.