Blanketi, kamba na karoti: namna ya kuitazama "It Happened One Night"

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii kwenye simu, ndani ya basi la kwenda Mwanza, nikaizima hata nusu saa haijafika. Picha haina rangi, watu wanaongea kwa kasi, nami nilikuwa nangoja vituko vikubwa ambavyo havikuja. Miaka ilipita ndipo nikairudia, usiku, sebuleni, mimi na Baba Neema, watoto wamelala. Sasa kila ninayempendekezea namwambia jambo moja kwanza: usingoje vituko, angalia vitu.

Anza na blanketi. Ni filamu ya mwaka 1934, imeongozwa na Frank Capra. Ellie (Claudette Colbert), binti wa tajiri, amemtoroka baba yake huko Florida na kupanda basi la New York. Humo anakutana na Peter (Clark Gable), mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Mvua inakata barabara, fedha ni kidogo, inabidi wapange chumba kimoja kama mume na mke. Peter anafunga kamba katikati ya vitanda viwili, anatundika blanketi na kuliita kuta za Yeriko. Anamhakikishia Ellie kwamba yeye si Yoshua, hana tarumbeta. Aliyesoma Biblia anajua kuta zile zilianguka tarumbeta za Yoshua na watu wake zilipolia, kwa hiyo tangu hapo sikio lako linangoja tarumbeta, na hakuna aliyetamka neno la mapenzi.

Asubuhi wapelelezi waliotumwa na baba mtu wanabisha hodi. Peter anamvuruga Ellie nywele, kisha wote wawili wanaanza kugombana, sauti juu, mpaka wapelelezi wanaona haya na kuondoka. Nani atashuku kwamba si wanandoa? Baba Neema alicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa natazama nyuso: ndipo kwa mara ya kwanza hawa wawili wanafurahiana, na wanafurahiana katikati ya ugomvi wa uongo.

Watu huisifia zaidi sehemu ya kuomba lifti, Peter anapotoa somo zima la kidole gumba na magari yote yanampita, halafu Ellie anapandisha sketi kidogo na gari linafunga breki. Ni nzuri kweli. Lakini mimi naipenda zaidi karoti. Peter anampa karoti mbichi, Ellie ana njaa lakini anaikataa kwa kiburi cha nyumba ya tajiri. Baadaye, garini, anaichukua mwenyewe na kuitafuna kimyakimya. Hapo ndipo alipompenda, kwa maoni yangu, na ukiangalia simu yako dakika hiyo umeikosa.

Usiikose pia hesabu ya mwisho. Kuna zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata Ellie. Peter anakwenda kwa baba yake Ellie kudai dola 39 na senti 60 tu, gharama zake za safari. Mzee anaelewa mara moja kijana huyu ana nini moyoni.

Weka maandishi ya chini, maana mazungumzo yanakimbia. Tenga dakika 105 bila kukatiza, na itazame na mtu. Kuna maneno ya Peter kuhusu kumpiga mwanamke ambayo sikuyapenda na siyatetei. Ukitazama na vijana wako, simama hapo mzungumze. Ilichukua tuzo 5 kuu za Oscar kwa mpigo, filamu ya kwanza kufanya hivyo, lakini nadhani karoti inatosha kukushawishi.

Mwishoni kamera inabaki nje. Wenye nyumba ya wageni, mume na mke, wanashangaa wageni wao wametaka kamba na blanketi za nini, na mbona wamemtuma huyo mume dukani kununua tarumbeta ya kuchezea. Kisha tarumbeta inalia ndani, blanketi linaanguka sakafuni, taa inazimika. Nyuso zao hatuzioni kabisa. Baba Neema alichukua rimoti, akairudisha nyuma, tukaisikia tarumbeta tena.