Omo ya boti ya feni inainama: nirefushe vibao vya trimu?

SWALI: Fundi, boti yangu ni ile bapa inayosukumwa na propela ya hewani. Nikikanyaga mafuta, omo, yaani sehemu ya mbele, inainama na ubavu wa kushoto unalala. Kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, kuna vibao viwili vya trimu, vile vya kusawazisha mkao wake majini. Nikivirefusha na kuvishusha zaidi, itakaa sawa?

JIBU: Itazidi kuinama. Kibao cha tezi kikishuka, maji hukisukuma juu, tezi ikanyanyuka na omo ikazama. Boti ya kawaida huhitaji hivyo, maana omo yake ndiyo hupanda. Ya kwako propela iko juu sana, na msukumo wake tayari unaikandamiza omo.

Anza na uzito: sogeza betri na mizigo nyuma. Isipotosha, tengeneza kibao cha hewani, yaani bapa la alumini linalolazwa nyuma ya propela, kati ya sukani mbili. Ukingo wake wa nyuma ukiinuliwa, upepo huelekea juu, tezi hukandamizwa na omo hupanda. Usifunge bawaba kwenye ukingo wa mbele kabisa, utapambana na upepo wote kwa mkono. Weka mhimili kwenye robo ya upana wa bapa kutoka mbele, au kabla kidogo ya hapo. Leva ya kuligeuza bapa itakuwa nyepesi, na fito inayoiunganisha na bapa ikikatika bapa litafuata upepo lenyewe badala ya kugeuka ghafla.

Kulala kushoto ni torki, yaani nguvu ya mzunguko wa propela inayoizungusha boti upande wa pili. Propela ikizunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka nyuma, boti huvutwa upande wa pili, kushoto kukashuka. Kushusha kibao cha kushoto kidogo kunasaidia, ila ukiachia mafuta torki huisha papo hapo huku kibao kikiendelea kunyanyua. Utajikuta umelala kulia. Mimi ningehamishia betri kulia kwanza. Vibao vyenyewe vikae juu kidogo ya usawa wa kitako cha boti, la sivyo vitang'olewa na gogo la kwanza utakalopanda.

Tumia nati za kujikaza, zile zenye plastiki ndani, kwa sababu mtikisiko wa injini hufungua nati za kawaida. Jaribu bila abiria, kwenye maji matulivu. Ukiona tezi imeketi mno usiachie mafuta kwa mkupuo, wimbi lako mwenyewe litakufikia na kuingia kwa nyuma. Shusha ukingo wa nyuma wa bapa kwanza, kisha punguza mwendo polepole.