Ukurasa wa Muvi: Maswali Yenu ya Treni

SWALI: Mambo vipi wakuu. Juzi nimepanda treni na wanangu wawili kutoka hapa Moshi mpaka Dar, tangu turudi wanataka muvi za treni tu. Nikanunua moja kava lina treni kubwa, kumbe ndani treni inatokea dakika tano then ni mapenzi mwanzo mwisho. Nipeni za ukweli.
*Baba wa Pasua, Moshi*

JIBU: Pole sana kaka, hayo makava yameliza wengi. Mi kipimo changu ni kimoja, toa treni kwenye stori uweke basi, kama muvi bado inaenda basi hiyo sio muvi ya treni.

Anza na Unstoppable ya 2010, Denzel Washington na Chris Pine. Kichwa cha treni kinaondoka chenyewe bila dereva kikivuta mabehewa yana kemikali, hao wawili wanakikimbiza kwa nyuma. Na usidhani wametunga tu, ilitokea kweli Ohio, Marekani, Mei 2001. Dereva alikuwa anahamisha mabehewa ndani ya yadi tu kwa hiyo breki za upepo za mabehewa zilikuwa hazijaunganishwa na kichwa, akashuka mara moja kwenda kubadilisha njia ya reli akiamini injini ameiweka kwenye breki, kumbe ameiacha inavuta kwa nguvu zote! Ikaenda yenyewe kilomita zaidi ya 100, yani ni zaidi ya hapo Moshi na Arusha, mpaka kichwa kingine kilipoikamata kwa nyuma kikaipunguza mwendo, halafu jamaa mmoja akakimbia pembeni akadandia akazima. Hakuna aliyekufa. Sasa kwenye muvi wameongeza chumvi, milipuko kibao, ila hilo la breki watoto watalielewa na watakusumbua kwa maswali wiki nzima.

Ya pili usiiogope kwa kuwa ya zamani, The General ya 1926, Buster Keaton. Haina sauti, kwa hiyo hata mdogo asiyejua kiingereza anacheka sawa na wewe. Kuna sehemu jamaa amekaa kwenye lile chuma linalounganisha magurudumu, ana mawazo yake ya mapenzi, treni inaanza kuondoka, chuma linampandisha na kumshusha na yeye wala hana habari. Ni yeye mwenyewe pale, gurudumu lingeteleza kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Na daraja linapovunjika kichwa kikatumbukia mtoni, kile ni kichwa cha kweli sio kimdoli, kilibaki mtoni humo mpaka vita ya pili ya dunia ndo wakakitoa kama chuma chakavu.

Wakishalala angalia The Train ya 1964, Burt Lancaster. Wajerumani wanaiba michoro ya sanaa Paris waipeleke kwao kwa treni, wafanyakazi wa reli wa Kifaransa wanabadilisha vibao vya stesheni usiku, ofisa ndani anasoma majina anaona tunakaribia nyumbani kumbe wanamzungusha Ufaransa humo humo. Ni kama umepanda ya Tanga, unaona kibao cha Same, unaona cha Korogwe, unalala na amani yako, asubuhi unashuka uko Kahe.

SWALI: Shikamoo mhariri. Eti ile muvi ya simba wala watu wa reli ilipigwa hapo Tsavo jirani yetu?
*Dada wa Ngarenaro, Arusha*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, The Ghost and the Darkness ya 1996 waliipigia Afrika Kusini. Ila tukio lenyewe ni la Tsavo kweli, 1898, Waingereza wakijenga daraja la reli ya kwenda Uganda, simba wawili wakawa wanavuta vibarua ndani ya mahema usiku. Simba wa kweli walikuwa madume yasiyo na manyoya ya shingoni, wa kwenye muvi wana manyoya hadi raha. Na yule muwindaji anayeigizwa na Michael Douglas hakuwepo, katungwa. Ukitaka kuwaona wenyewe, wako makumbusho ya Chicago, wamekaushwa. Kwa kipimo changu hii inapita kwa tabu, maana reli yenyewe inaonekana kidogo, simba ndo wamekula muvi.

SWALI: Za kihindi je? Mbona mnatusahau.
*Mama wa Sakina, Arusha*

JIBU: Hatujakusahau mama. The Burning Train ya 1980, mtu mwenye wivu anatoa breki treni mpya inapoanza safari, halafu inashika moto na Dharmendra yumo. Na Sholay ya 1975, vita ya juu ya treni na majambazi wa farasi iko mwanzoni kabisa, kwa hiyo usichelewe kukaa. Ni zaidi ya masaa matatu hiyo, kama umeme wa mtaani kwenu una tabia zake anza mchana.