Mtoto wa mazoezi ya kuongea akae wapi? Anza na miguu yake

Walimu wenzangu wa vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu, na nyie wazazi mnaowafanyisha watoto mazoezi ya matamshi nyumbani, leo naomba tuongelee kiti. Watu wakinipigia wanauliza kadi za picha, wanauliza kioo, wanauliza programu za kwenye simu, kiti hakuna anayekiuliza, wakati mimi hapa Moshi nikiingia darasani cha kwanza naangalia miguu ya mtoto imegusa chini au inaning'inia.

Haya madawati yetu ya kukaa watatu watatu mengi ni marefu kwa mtoto wa awali. Ukimpandisha pale miguu inaelea, anateleza mbele, anajishika na mikono, mara kalalia meza, na hapo hapo unamwambia sema kikombe, yeye anasema titombe. Sasa ile k inataka ulimi unyanyuke kwa nyuma na taya itulie, na mtoto ambaye mwili wake bado unahangaika usianguke atautuliza vipi ulimi? Mwekee matofali mawili chini ya miguu, yafunge na kanga kuukuu, au fundi seremala wa mtaani akupigie kiboksi cha mbao. Makalio yarudi nyuma, magoti yakunje pembe mraba, nyayo zote zikanyage. Na wewe shuka, kaa kwenye kigoda ili mdomo wako uwe usawa wa macho yake, maana akikutazama kwa kunyanyua shingo haoni ulimi unafanya nini.

Hicho ndo kiti cha kufundishia sauti mpya. Ila sauti ikishashika, anaiweza kwenye maneno, mnahamia kwenye sentensi na stori, hapo mwachie mwili wake, na hapa ndo natofautiana na walimu wengi wanaoona mtoto anayetikisika hana adabu. Wapo watoto wanasikiliza vizuri zaidi wakiwa wanacheza cheza! Mwingine asimame mezani, mwingine alale kifudifudi kwenye mkeka mnapoangalia picha, mwingine akalie mto. Mito ya mitumba unaweza kuitafuta pale soko la Memorial hapa Moshi, au chukua kiroba, jaza matambara, shona mdomo vizuri. Ila mwezi wa sita na wa saba mkeka peke yake hautoshi, sakafu ya simenti inakuwa ya baridi mno, tandika na kipande cha sponji chini.

Kwa yule asiyetulia miguu nakipenda sana kitu kimoja, mpira wa tyubu ya baiskeli. Kata kipande, funga kwenye miguu miwili ya mbele ya kiti, mtoto anausukuma kwa miguu akiwa amekaa, hauna kelele na hauhamishi macho ya wenzake. Mpira mkubwa wa kukalia mimi simpi mtoto kwenye kikundi, atadunda, na wenzie wote watautaka, kipindi kimeisha.

Mpe achague, lakini kati ya viwili tu, mkeka au kiti. Ukimwambia chagua popote atazunguka chumba kizima. Halafu usipime kwa kuangalia ametulia kiasi gani, hesabu maneno aliyojaribu na aliyoyapata akiwa kwenye mkao huu, kesho hesabu akiwa kwenye ule, andika kwenye daftari lake. Mkao unaomfanya aongee zaidi ndo wake, hata kama kwa macho yako amekaa ovyo.

Mwenye mtindio wa ubongo, au anayelegea shingo na mgongo, huyo tafadhali usimjaribishie mito inayoyumba wala viroba. Anahitaji kiti chenye kumshikilia kiuno na pembeni, na hilo waamue wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa tiba kwa vitendo, kwa huku kwetu hospitali ya KCMC wapo. Nenda na mtoto, eleza kwamba akikaa vibaya anashindwa hata kutoa sauti, waombe wakuonyeshe kwa mikono yao namna ya kumkalisha, na umpige picha akiwa amekaa sawa ili na dada wa nyumbani na mwalimu wa darasa wote wamkalishe hivyo hivyo.