Kielezi Kimoja cha Bure

Juzi imeniangukia mezani stori ya moto sokoni. Mwandishi ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, yuko kwetu mwezi wa pili sasa. Kaandika: "Moto umeteketeza kabisa sehemu ya soko." Nikamwita. Ni kabisa, au ni sehemu? Akanijibu bila kupepesa macho: "Kabisa, bosi, ila sehemu tu." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikakumbuka kwamba nami nilikuwa hivyohivyo, tena afadhali yeye.

Basi wadogo zangu mlioingia dawati la habari mwaka huu, tuzungumze vielezi. Shuleni mlivikariri: vya wakati, vya mahali, vya namna, vya idadi. Mkapewa alama. Hapa hatutoi alama.

1. "Tu" ina kiti chake. "Wazazi tu walichangia madawati" na "Wazazi walichangia madawati tu" ni habari mbili tofauti, na ukizichanganya mwalimu mkuu atapiga simu kabla taarifa ya saa mbili haijaisha. Na "karibu" isomeni kwa sauti kabla ya kuileta. "Karibu watu 40 wamefariki" inasikika kama tunawapokea mlangoni. Andikeni takribani.

2. Vielezi viigizi vina ndoa zake. Giza ni totoro, usingizi ni fofofo, kimya ni jii, weusi ni tititi, weupe ni pepepe, kulowa ni chapachapa. Mwaka jana mmoja wa waliowatangulia aliniandikia kuwa diwani "alikataa fofofo". Eti ubunifu. Diwani alikataa katakata, na alikuwa macho. Lakini msiviogope. Msikilizaji wa redio hana picha, kwa hiyo ukisema ndoo ilitumbukia kisimani chubwi, maji kayasikia. Bibi yangu alikuwa akisimulia hadithi nzima ya sungura kwa pu, chubwi na kacha, na sisi hatukubanduka mkekani. Ila gari likitumbukia mtoni na abiria ndani, chubwi yako baki nayo.

3. Ghafla. Hapa naomba mnivumilie.

Nilianza kazi kwenye redio moja ndogo ya mkoani. Zamu yangu ya asubuhi ilikuwa kupokea matangazo ya vifo. Utaratibu mnaujua: familia inaleta karatasi, tunahesabu maneno, wanalipa, tunasoma mara tatu. Siku hiyo akaja kijana na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha baba yao kilichotokea jana usiku nyumbani kwake. Basi. Niliiona kavu. Mimi niliyetoka chuoni na A ya Kiswahili nisome kitu kikavu namna hiyo? Nikachomeka neno: "kilichotokea ghafla jana usiku". Ikapata mapigo. Sikumtoza.

Marehemu alikuwa ameugua miezi tisa. Mkewe ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani usiku kucha asipate vidonda. Ndugu wa mume walikuwa mbali, wengine visiwani huko ziwani, na habari waliipata redioni: ghafla. Neno hilo mnajua linazaa nini kwetu. Mtu hafi ghafla hivihivi, lazima uwepo mkono. Walipofika msibani hawakuuliza kaburi linachimbwa wapi. Waliuliza marehemu alikula nini usiku ule, na chakula kilipikwa na nani. Mama wa watu akahojiwa juu ya mkeka mbele ya majirani, na mazishi yakasogezwa siku nzima mpaka wazee wa mtaa walipoingilia.

Hayo yote sikuyajua. Nilikuwa nasoma matangazo mengine, kwa mapigo.

Siku chache baada ya kuzika akaja kituoni mjane mwenyewe, kajitanda kanga, mkononi ana ile karatasi ya daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani alisoma tangazo letu?"

Ningeweza kumsingizia mwenzangu wa zamu. Nilifikiria, sitawadanganya, na nilifikiria kwa muda. Nikasema ni mimi. Akaikunjua karatasi juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Nionyeshe ghafla iko wapi."

Nikatazama karatasi kama vile ingeweza kujitokeza.

"Hakufa ghafla," akasema. "Alizimika taratibu, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Nilikuwa nimemshika miguu."

Taratibu. Kielezi cha kifo kile kilikuwepo siku zote, mwenye nacho alikuwa yeye, na mimi sikumuuliza hata yule kijana, "Mzee alikuwa anaumwa?" Swali la maneno matatu.

Tulisoma marekebisho mara tatu: "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Akafungua pindo la kanga alipie maneno sita. Nikamwambia, mama, hatukutozi. Akaziweka hela mezani hivyohivyo.

"Ya bure nimeshayaona," akasema, akaondoka.

4. Kabla ya kutafuta kielezi, tafuta kitenzi. Aliyetembea polepole kwa maumivu alijikongoja, aliyesema kwa sauti ya chini alinong'ona, aliyekula harakaharaka alibugia.

5. "Ameuawa kikatili." Siku mkimpata aliyeuawa kwa upole mnijulishe, hiyo ndiyo habari. Na "kwa makusudi" mwachieni hakimu.

6. "Hatimaye" inataka watu wawe wamesubiri. Daraja lililoahidiwa kampeni tatu, sawa. Kikao kilichoanza saa nne na kuisha saa sita, hapana.

Nilikuwa na la saba, kuhusu "hasa" na "haswa", lakini tukilianza tutakesha, na mhariri msanifu wetu ana msimamo wake ambao sitaki kuuchokoza leo.

Wewe kijana wa soko: stori yako nimeirudisha. Mpigie mwenyekiti wa soko, muulize vibanda vilikuwa vingapi, vimeungua vingapi. Ukishapata namba hizo mbili, "kabisa" na "sehemu" utazifuta mwenyewe. Na usiniletee saa moja na dakika hamsini na tano.