Muulize Fundi: Honda ya marehemu baba, nianze wapi kuipiga rangi?

Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, na alituachia Honda CG125 nyekundu. Tangu atutoke imekaa bandani chini ya turubai. Injini inawaka, ila tangi limebabuka rangi, lina kutu, na upande wa kushoto limebonyea kama kiganja cha mkono. Nina banda la mabati nyuma ya nyumba, kompresa ndogo ya kuazima, na nafasi jioni na Jumapili. Nataka kuipiga nyeusi isiyong'aa na kukata fremu nyuma ya siti, ikae ile staili ya siti fupi. Mama hataki niiguse. Nianze wapi?
Msomaji, Kihesa, Iringa

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Barua yako nimeirudia mara tatu, kwa sababu pikipiki ya kwanza niliyoifungua yote mpaka nati ya mwisho ilikuwa CG. Nilikuwa na miaka 19, najifunza kazi mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam.

Tuanze na msumeno: uweke chini. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba watu watatu na gunia, na oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Ndiyo maana kichwani hawakuweka cheni ya kuzungusha kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, waliweka fimbo za kusukuma valvu, na cheni ya nyuma wakaifunika yote isile vumbi. Pikipiki nyingi za Kichina zinazofanya bodaboda leo zimefuata injini hiyohiyo, kwa hiyo gasketi na vipuri vyake huwezi kuvikosa. Fremu ni habari nyingine. Ukikosea sentimita chache unafika pale shokapu za nyuma zinapojishika, na fremu iliyochomelewa ovyo mahali hapo haitakukatikia bandani, itakukatikia kwenye mteremko. Siti fupi inatengenezeka juu ya bamba la kufunga kwa bolti zilezile za siti ya zamani. Ukiichoka, au mama akitaka kupakiwa kwenda kanisani, unafungua bolti na kurudisha siti ya baba.

Kuhusu weusi, rangi ya chombo imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Kadi ikisema nyekundu na trafiki anaona nyeusi, maelezo ni juu yako, kwa hiyo pita TRA, Mamlaka ya Mapato, kwanza. Jingine, namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu. Hapo usipitishe mashine ya kusaga wala puti, ile dawa ya kujazia mabonde. Izibe kwa teipu ya karatasi tangu siku ya kwanza, maana namba ikifutika utaonekana mwizi wa pikipiki ya baba yako mwenyewe.

Halafu hiyo nyeusi isiyong'aa huwezi kuipolishi. Kila tone la petroli, kila alama ya kidole, kila mkwaruzo wa zipu unabaki hapo, na kwa vumbi la Iringa utaichukia mapema. Mimi ningeirudishia wekundu wake. Uamuzi ni wako, lakini umeniuliza.

Sasa tangi, na hapa nakuomba usome polepole. Tangi lililomwagwa mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu linalolipuka ni mvuke, na mvuke unabaki. Toa koki na geji, osha ndani kwa maji na sabuni ya unga mara kadhaa, kisha liache wazi nje siku nzima. Jiko la mkaa, sigara na mashine inayotoa cheche vikae mbali. Ukikuta limetoboka, usilichomelee mwenyewe hata kama umeliosha mara kumi.

Kutu ya ndani inatoka kwa siki. Ziba matundu, tia siki na konzi ya nati ndogo, tikisa, liache mpaka kesho yake, tikisa tena. Hesabu nati ulizotia na ulizotoa. Suuza kwa maji yenye magadi, yaleyale ya kupikia makande, ili ukali wa siki ufe. Kausha papo hapo kwa upepo wa kompresa, maana chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu upya ukikigeuzia mgongo. Zungusha oili nyepesi kidogo ndani, kisha ziba midomo yote na ufute nje kabisa. Oili hiyo ikivuja juu ya chuma, rangi haishiki.

Nje anza na msasa namba 80 kwenye kutu, kisha 180, kisha 320. Kwenye kingo za pale ilipobabuka utaona mistari kama ya gogo lililokatwa: juu rangi, chini yake praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, katikati chuma cheupe. Mistari hiyo ipanuke, kila mmoja upana wa kidole au zaidi. Kisha fumba macho upitishe ncha za vidole. Jicho linadanganyika, kidole hakidanganyiki. Ukisikia hata kijingazi kidogo, rudi kwenye msasa, kwa sababu rangi haifichi kijingazi, inakitangaza. Puti ipige nyembamba juu ya chuma kikavu, na usiisugue kwa msasa wa maji. Inanyonya, na baada ya miezi rangi inavimba malengelenge.

Lakini kabla ya puti, muulize mama pale kushoto palibonyeaje. Mteja mmoja aliwahi kuniletea tangi lenye bonde, nikalijaza vizuri, nikajisifu moyoni. Alipokuja kulichukua alisimama tu akilipapasa. Bonde lile alilipiga mdogo wake aliyefariki, siku anajifunza kuendesha. Tangu siku hiyo nauliza kwanza. Linaweza kupigwa rangi safi na likabaki na bonde lake.

Chuma kikishakuwa safi, usikiguse kwa mkono mtupu. Nilipokuwa mwanafunzi nilisugua tangi siku tatu. Asubuhi ya kupuliza nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi kama kawaida, nikalibeba kwa mikono miwili kwenda kulitundika. Rangi ilipotua ikakimbia kila vidole vyangu vilipopita, ikaacha vishimo vya duara. Macho ya samaki, ndivyo tunavyoviita. Niliirudia kazi yote kutoka msasa namba 180. Futa tangi kwa kitambaa chenye thina, vaa glavu, na spana zenye grisi zikae chumba kingine.

Siku ya kupuliza, mwagia sakafu maji ili vumbi lilale, tundika tangi kwa waya, na usubiri baridi ya asubuhi ipungue. Kipulizio kikae kama sentimita 20 kutoka kwenye chuma, mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka, na kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Praima kwanza. Ikikauka, isugue kwa namba 600. Kisha rangi mara tatu nyepesi, ukipumzika dakika 10 mpaka 15 kati yake. Anayetaka kuimaliza kwa mpigo mmoja mzito huipata inachuruzika. Fremu na madigadi ni mwendo huohuo. Mirija ya kromu ya shokapu za mbele, nyuzi za bolti na sehemu waya wa ethi, yaani waya hasi wa umeme, unapogusa fremu vifunike vizuri. Mapezi ya injini usiyajaze rangi nzito, yanahitaji kupumua.

Rangi ya NC, ile ya selulosi inayokaushwa na hewa tu, na makopo mengi ya kupuliza hulainika petroli ikidondokea, na kwenye tangi petroli itadondoka tu. Kinachovumilia ni klia, rangi ya juu isiyo na rangi, ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Hapo sasa nitasema kwa ukali: hadina ile ina kemikali ziitwazo isosianeti, zinazoleta pumu isiyopona. Barakoa ya kitambaa haizuii, wala ile ya vumbi. Fundi aliyenifundisha alipuliza miaka mingi akiwa amejifunga leso puani, na leo hapandi ngazi bila kupumzika njiani. Kwenye banda lililo nyuma ya nyumba wanakolala mama na wadogo zako, usiipulize. Fanya msasa, puti, praima na rangi mwenyewe, halafu peleka tangi na madigadi kwa fundi mwenye chumba cha kupulizia na mpira wa kuvutia hewa safi, akupigie klia tu. Hakuna aibu hapo. Kazi kubwa utakuwa umeifanya wewe.

Na mama usimfiche. Mwite bandani umwonyeshe tangi likiwa chuma kitupu.

*

Fundi, Vespa yangu ya zamani imeanza kuvimba kutu chini ya kanyagio. Naweza kusugua na kupaka rangi juu?
Msomaji, Unguja

Hapana, ndugu yangu. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine, bati lenyewe ndilo fremu, kwa hiyo kutu ya sakafuni inakula mifupa yake. Toa mkeka wa mpira, ilaze ubavu, gonga chini kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linanyamaza au linatoboka. Likitoboka, likatwe mpaka chuma kizima kinapoanza na lichomelewe bati jipya, kisha praima ya epoksi juu na chini. Kwa kuwa upo kisiwani, kabla ya msasa wowote ioshe kwa maji baridi mengi, yasiyo ya chumvi, na uiache ikauke. Chumvi ukiifungia chini ya praima, inaendelea kula bati humohumo ndani.