Kifungio cha nyuma kinacheza na buti linachomoka mbele: je, vimekwisha?

SWALI: Natumia vifungio vya pini, vile vinavyoshika buti kwa pini ndogo, kupanda na kushuka milima kwa skii (mbao za kutelezea kwenye theluji), na huu ni msimu wa tatu. Kipande cha nyuma cha skii ya kushoto kinacheza nikikitikisa kwa mkono. Tena mara mbili buti hilohilo limechomoka mbele nikiwa napanda, ingawa nilikuwa nimevuta wenzo wa kufungia. Je, nivitupe ninunue vizito zaidi?

JIBU: Usinunue chochote bado. Haya ni matatizo mawili, na la mbele huenda halina uhusiano na uchakavu hata kidogo.

Mbele, mikono miwili hubana ncha ya buti kwa pini zinazoingia kwenye vishimo vya chuma pande zote mbili. Ili pini zizame sawasawa, ncha za ndani za mikono hiyo, pale zilipo springi, lazima zishuke mpaka mwisho. Chini yake hapo ndipo theluji hujipenyeza, ikakanyagwa, ikawa barafu. Kibonge kidogo tu kinatosha kuzuia mikono isifunge kikamilifu. Wenzo utapanda, utasikia mlio, utaamini umefunga, kumbe pini zimeshika ukingoni tu. Kila unapovaa, chokoa kwanza chini ya springi kwa kijiti kigumu cha plastiki. Ingiza buti lakini usivute wenzo: inua na shusha kisigino mara 10 hivi ili pini zikwangue barafu na uchafu vishimoni. Kisha vuta wenzo taratibu ukihesabu milio. Idadi ikiwa si ile uliyoizoea, vua uanze upya.

Kama kila kitu ni kisafi na bado linachomoka, geukia buti. Fritz Barthel, Mwaustria aliyebuni mfumo huu miaka ya 1980, aliondoa fremu yote ya chuma na kuliacha buti gumu lifanye kazi yake. Kwa hiyo nusu ya kifungio chako imo ndani ya buti, jambo ambalo wengi hulisahau wanapoanza kulaumu springi. Tazama vishimo kwa tochi: vinapaswa kuwa na umbo safi la duara, si la yai. Kisha ingiza buti la kushoto kwenye kifungio cha kulia. Tatizo likihama pamoja na buti, kifungio kipya hakitakusaidia.

Sasa nyuma. Kile kichwa chenye pini mbili kimeundwa kizunguke, kwani ndicho kinachoachia buti kwa upande ukianguka. Katika vifungio vya kawaida vya kushukia kazi hiyo hufanyika mbele. Kikizunguka kidogo kushoto na kulia halafu kikarudi katikati chenyewe, hakina ugonjwa. Kinachotia shaka ni kuyumba mbele na nyuma, au kuinuka juu ya mhimili wake. Hapo bushi, yaani pete inayokaa kati ya mhimili na kichwa, imelika, mara nyingi ile ya plastiki. Kwa baadhi ya modeli bushi huuzwa peke yake; kwa nyingine utabadilisha kichwa kizima.

Ila kabla ya kufungua chochote, weka ukucha kwenye mstari ambapo bati la chini linakutana na skii, kisha tikisa tena. Ukihisi mwanya unafunguka na kufunga, kichwa ni kizima. Zilizolegea ni skurubu. Rangi ya kutu au uvimbe kuzunguka tundu maana yake maji yameshaingia kwenye kiini cha mbao. Toa skurubu, acha skii ikauke ndani ya nyumba siku kadhaa, kisha rudishia kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya). Tumia bisibisi ya PZ3 (Pozidriv namba 3) ikiwa skurubu ni za msalaba wa aina hiyo. Bisibisi ya msalaba wa kawaida hula kichwa cha skurubu. Nyuzi za tundu zikiwa zimekatika, epoksi peke yake haitoshi: weka kizibo chenye nyuzi za chuma. Ukilazimika kutoboa upya, soma maandishi yaliyo juu ya skii. Zenye karatasi ya chuma ndani kwa kawaida hutaka biti ya milimita 4.1, zisizo nayo 3.5 au 3.6, na kina ni kama milimita 9. Funga kizuizi cha kina kwenye biti, la sivyo utatokea upande wa pili.

Pima pia nafasi kati ya kisigino cha buti na kichwa cha kifungio cha nyuma. Skii inapojikunja bondeni, umbali kati ya vipande viwili hupungua na pini huzama zaidi ndani ya buti. Modeli nyingi huagiza mwanya wa milimita 4, nyingine 5.5 au 6. Zile zenye reli na springi ya kusukuma hutaka buti liguse. Mwanya ukiwa mdogo kuliko ulioagizwa, buti hugonga kichwa kila bonde, na bushi ndiyo inayolipa. Kama buti lako si lile ulilofungia vifungio mwanzoni, hapo ndipo ningeanza.

Uzito nao si dawa. Vifungio vya fremu, ambavyo buti zima hukaa juu ya fremu, hufikia kilo 2 au zaidi kwa jozi na vina viungo vyake vinavyolika. Kinachonitisha zaidi ni vile vya mbio, chini ya gramu 200 kimoja, ambavyo baadhi havina hata marekebisho ya nguvu ya kuachia.

Baada ya matengenezo yoyote, peleka skii pamoja na mabuti yako kwenye karakana yenye mashine ya kupima nguvu ya kuachia. Namba iliyoandikwa kwenye kifungio ni makadirio tu. Na mpaka hapo, usishuke mteremko ukiwa umefunga wenzo wa mbele ili buti lisichomoke: ukianguka, kifungio hakitaachia kwa upande, na mfupa wa muundi utavunjika kabla ya chuma.